Kusaidiana kwa Mali katika Nchi ya Singida: Tangu Ng'ombe wa Kukopeshwa hadi Sanduku la Akiba

Wamisionari wa Leipzig walipofika Iramba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na wale wa Augustana kutoka Marekani walipoendeleza kazi hiyo katika miaka ya 1920, hawakukuta watu wasiojua kutunzana. Nchi hii ya masika moja ilikuwa imekwisha kuwafundisha wenyeji kwamba anayetegemea zizi lake peke yake yu karibu na njaa.

Miongoni mwa Wanyaturu, mwenye ng'ombe wengi aliwakopesha ndugu na jirani. Aliyepewa alikama maziwa na kupata samadi, ambayo bila hiyo shamba la uwele au mtama lilizaa kidogo. Mwenye mali naye alitawanya mifugo yake, ili ugonjwa ukiingia zizi moja wasiishe wote. Harold Schneider, aliyeandika juu ya uchumi wa Wanyaturu katika kitabu kilichotoka mwaka 1970, alieleza jinsi nafaka ilivyoweza kugeuzwa kuwa mifugo. Hivyo asiye na kitu aliweza kuvuna ziada na kujipatia ng'ombe wake mwenyewe. Huo ulikuwa uwekezaji hasa, na faida yake mojawapo ilikuwa jirani aliyejitegemea.

Sharikani moyo huo ulipata sura mpya. Baada ya ibada, mayai, kuku na mahindi yaliyotolewa sadaka hunadiwa. Mara nyingi mnunuzi humrudisha kuku mnadani, naye akanunuliwa tena. Katika miaka ya 2000 vikaenea VICOBA, kwa mfano wa vikundi vilivyoanzishwa Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE. Wanachama hununua hisa, hukopeshana, huchangia mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na misiba, na mwisho wa mzunguko hugawana faida. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ikavitambua vikundi vya namna hiyo.

Usharika unapotimiza miaka mia moja, funzo la wazee lingali na uzito. Mvua ikikatika, wanachama wote wanaotegemea alizeti hutaka mkopo siku moja, na hakuna wa kurejesha. Wazee hawakuweka ng'ombe wote katika zizi moja. Kikundi chenye mkulima, mfugaji wa nyuki, fundi na mwalimu ndicho kinachofuata hekima yao. Kufuli tatu za sanduku huzuia mwizi, lakini hazizuii ukame.