WANASAYANSI TULIOWASAHAU, SEHEMU YA 4: Mabibi wa michembe



Nikikuuliza umtaje mwanasayansi wa huku kwetu Shinyanga na Geita, utamtaja nani? Wengi watasema Williamson, yule Mkanada mtaalamu wa miamba aliyepata almasi Mwadui mwaka 1940. Sawa. Lakini wapo wengine ambao sayansi yao umeila kabisa, tena na karanga. Ni bibi zetu wa Kisukuma.

Hebu tazama shida waliyokuwa nayo. Kiazi kitamu kikishachimbwa hakikai, baada ya muda mfupi kinaoza. Ukikiacha shambani, kiangazi kinakuja, ardhi inapasuka, fukusi wanapenya kwenye nyufa na kukitoboa. Na miezi ya njaa bado iko mbele, watoto wanataka kula.

Wakapata majibu mawili. La kwanza: menya, kata vipande vyembamba, anika kwenye jabali. Hiyo ni michembe. La pili: chemsha kwanza, kata, ndipo uanike. Hayo ni matobolwa. Chakula cha wiki chache kikawa chakula cha miezi.

Kwa nini inafanya kazi? Maji yakitoka, ukungu na bakteria hawawezi kuzaliana. Ukichemsha kwanza, unaua vimeng'enya vinavyokiharibu kiazi. Jabali nalo linashika joto la jua. Unene wa kipande, siku za kuanika, kiazi gani kinafaa, yote hayo yalijulikana kwa kujaribu, kukosea na kujaribu tena, mama akimfundisha binti. Siku hizi vyuoni wanaiita teknolojia ya chakula na unapewa digrii. Bibi hakupewa hata cheti.

Baadaye wakaja mabinti wa maabara. Mwaka 1995 Dk. Regina Kapinga, mtafiti Mtanzania, na wenzake walichapisha utafiti kuhusu nafasi ya viazi vitamu kwenye kilimo na chakula cha nchi yetu. Zao lililodharauliwa kama "chakula cha wanawake" likaanza kuheshimiwa.

Bado kulikuwa na pengo. Viazi vyetu vingi ni vyeupe ndani, na vyeupe havina vitamini A ya maana. Mtoto akiikosa sana haoni vizuri jioni, na surua au kuhara vikimkuta vinamwangusha vibaya. Maria Andrade, mama wa Cape Verde, akazalisha Msumbiji mbegu za viazi vya rangi ya chungwa vinavyostahimili ukame. Jan Low, Mmarekani, akaonyesha hukohuko Msumbiji, katika utafiti uliochapishwa 2007, kwamba familia zikivilima na mama wakipewa elimu ya lishe, vitamini A kwenye damu ya watoto inapanda. Mwaka 2016 wote wawili walikuwa kati ya washindi wanne wa Tuzo ya Chakula Duniani. Hapa nchini tunaviita viazi lishe.

Sasa ya kwetu nyumbani:

1. Mtoto akifikisha miezi 6, mpondee kiazi lishe, weka mafuta kidogo au karanga iliyosagwa laini. Vitamini A inahitaji mafuta ili iingie mwilini.
2. Ukikausha viazi lishe, anika kivulini penye upepo na usivihifadhi muda mrefu sana. Jua kali na kukaa sana vinapunguza vitamini.
3. Mama zangu wa Geita mnaoishi karibu na wachimbaji: usianike chakula chochote karibu na wanapochomea dhahabu. Moshi ule una zebaki.
4. Matone ya vitamini A kliniki yanaendelea kila miezi 6 hadi mtoto atimize miaka 5. Kiazi hakichukui nafasi yake.

Kama bibi yako yupo, mpigie umuulize anakataje michembe yake, uandike. Asipoulizwa, ataondoka nayo. Majibu yaleteni hapa chini, na jina lake mliandike, maana safari hii tunataka majina.

Sehemu ya 5: Prof. Esther Mwaikambo, mwanamke wa kwanza Mtanzania kuwa daktari.

Nesi wenu.