Otizimu: jamaa ikikataa maneno ya munganga, mzazi ajibu nini?

Otizimu ni hali ya ubongo inayoanza mapema sana katika maisha ya mtoto. Tanzania na Kenya wanaiita usonji. Mtoto anaweza kuchelewa kusema, ao kurudilia tu maneno aliyosikia. Haitiki akiitwa jina, haangalii watu usoni, anachezea kitu kimoja siku nzima, analia sana mambo ya kila siku yakibadilika. Kufuatana na Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 mtu 1 kwa kila 127 duniani alikuwa na otizimu. Haichagui kabila wala inchi.

Huku kwetu mashariki, mzazi akitoka kwa munganga na jina hilo, bado anangojewa nyumbani: koko, baba mkubwa, shangazi, majirani wa parsela. Kila mmoja ana lake. Haya ndiyo maneno yanayosikika sana, na namna ya kuyajibu.

“Bamemupima nini? Ata damu habakumutosha.”

Ni kweli, hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha otizimu. Malaria unaiona kwa mikroskopi. Otizimu inaonekana kwa namna mtoto anavyoishi na watu. Munganga anamwangalia akicheza, anauliza wazazi tangu mimba hadi leo. Kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, inchi nyingi zinatumia maswali 20: je, mtoto anaonyesha kitu kwa kidole? Anaitika jina lake? Maswali hayo peke yake hayakati shauri. Yanaonyesha tu mtoto gani aangaliwe zaidi.

“Ata baba yake alichelewaka kusema.”

Kuna watoto wanaochelewa kusema kisha wanafika vizuri. Lakini mara nyingi mtoto wa namna hiyo anatafuta njia nyingine: anaonyesha kwa kidole, anakuangalia kuona kama umeelewa, anacheka pamoja nawe. Wengine wanasema ni lugha nyingi: Mashi ao Kinande nyumbani, Kiswahili barabarani, Kifaransa masomoni. Lugha nyingi hazileti otizimu.

Hapa, hata hivyo, shaka ya jamaa inaweza kusaidia. Kiziwi pia haitiki. Shangazi akisema “pengine hasikii,” asikilizwe: kila mtoto anayechelewa kusema apimwe masikio.

“Mama yake ndiye anamudekeza.”

Hata waganga wa Ulaya na Marekani waliwahi kulaumu mama. Mwaka 1943 Leo Kanner, munganga wa watoto wa akili huko Marekani, aliandika juu ya watoto 11 wenye hali hii. Kwa miaka mingi baadaye, waganga wengine walisema inatoka kwa mama asiye na upendo. Maneno hayo yaliachwa. Leo inajulikana kwamba urithi wa damu, wa pande zote mbili, una sehemu kubwa, na kwamba malezi si chanzo. Fimbo haimfundishi mtoto huyu. Inamwongezea woga tu.

“Ni chanjo ilimuharibu.”

Maneno haya yalienea kutoka Uingereza, mwaka 1998, katika andiko la Andrew Wakefield juu ya watoto 12. Gazeti la waganga lililolichapisha lilifuta andiko hilo mwaka 2010. Uchunguzi mkubwa uliofuata, katika inchi mbalimbali, haukuona chanjo kuleta otizimu. Surua, yenyewe, inaendelea kuua watoto katika majimbo yetu.

“Uyu mutoto iko na kitu ndani yake.”

Hapa ndipo penye hatari zaidi. Kuna watoto wanaonyimwa chakula, wanaofungwa ao kupigwa ili “kitu” kitoke. Katiba ya Congo, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto bulozi, na sheria ya mwaka 2009 ya kulinda mtoto inaadhibu jambo hilo. Jamaa inayotaka kuomba, iombe. Lakini mtoto ale, alale nyumbani, na asiguswe na fimbo ya mtu.

Namna ya kuongea na jamaa

Usishindane na wote siku moja. Chagua mtu mmoja anayeheshimiwa, koko ao baba mkubwa, umuombe aende nawe siku ya kurudi kwa munganga, aulize mwenyewe maswali yake. Kisha umuachie mtoto nusu siku: ataona kwa macho yake.

Usilazimishe kila mtu akubali neno “otizimu.” Omba mambo ambayo hata mwenye shaka anaweza kufanya: kumsemesha mtoto kwa maneno mafupi, kufuata utaratibu uleule kila siku, kutomchapa, kutomficha wageni wakija. Hakuna dawa inayoondoa otizimu, lakini mtoto anayesaidiwa mapema anapata nafasi kubwa zaidi ya kujifunza kuomba maji, kuvaa, kucheza na wenzake. Miaka inayopita katika mabishano, mtoto anaipoteza.

Kwa sisi tunaojua kukimbia vita, kuna sababu nyingine. Mtoto asiyeitika jina anapotea haraka, na kelele za risasi zinaweza kumfanya akimbie upande mwingine. Jamaa ipange mapema: nani anamshika mkono? Andika jina lake na namba ya simu ya mzazi ndani ya nguo yake.

Mzazi anaweza kuanzia kwenye kituo cha afya kilicho karibu, aombe barua ya kutumwa mbele. Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu, zinazoshughulikia afya ya akili. Kumpeleka mtoto huko si kusema ni kichaa. Ni kuuliza watu waliosomea jambo hilo, na mwenye shaka katika jamaa akaribishwe kwenda pamoja nawe.