Somo la Historia: Mgonjwa Akiruhusiwa Kwenda Nyumbani

Somo letu la leo ni habari ya maneno anayoambiwa mgonjwa siku anapopewa ruhusa ya kutoka hospitali. Labda mtauliza, je, maneno hayo nayo yana historia? Yanayo, na mtu alikufa kwa ajili yake.

Upande wa Reading, nchi ya Uingereza, kijana mmoja aliangukiwa na bonge la makaa ya mawe, likamponda kidole. Akaenda hospitali ndogo. Mwuguzi akamsafisha kidonda, akamfunga, akamwambia aende hospitali nyingine kubwa kwa matibabu zaidi. Basi. Hakuelezwa sawasawa kwa nini aende, wala hatari ya kutokwenda. Naye alikuwa na maumivu na mshtuko. Hakwenda. Baadaye alimwendea daktari wake wa siku zote. Daktari akabadilisha kitambaa tu, asiulize kijana alitibiwa nini kule hospitali wala aliagizwa nini. Kijana akashikwa na pepopunda, akafa.

Vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni na katika samadi, nao huingia mwilini kwa njia ya kidonda. Ugonjwa hauonekani siku ile ile. Mara nyingi huchukua siku 3 hata 21, na pengine kidonda chenyewe kimekwisha anza kupona. Kwa hiyo mgonjwa haoni sababu ya kurudi, asipoambiwa. Na kinga ilikuwako. Tangu mwaka 1890, huko Berlin, Emil von Behring na Kitasato Shibasaburo walikuwa wameonyesha kwamba maji ya damu ya mnyama aliyekwisha kingwa yaweza kumkinga mwingine asipatwe na pepopunda. Kijana huyu hakufa kwa sababu dawa haikuwako duniani. Alikosa maelezo.

Shauri likapelekwa mahakamani, likakatwa mwaka 1963. Hospitali na daktari, wote walionekana wamekosa. Jaji alisema kwamba utaratibu usiohakikisha habari inamfikia anayehusika ni utaratibu mbaya, tena ni uzembe.

Wako watu wasemao: mtu mzima ameambiwa nenda, asipokwenda ni shauri lake. Mimi sikubali. Mtu mwenye maumivu husikia nusu ya maneno, na nusu hiyo huisahau mlangoni. Mwuguzi anajua hayo, kwa maana huwaona wagonjwa kila siku; mgonjwa yeye huenda anaumwa hivyo kwa mara ya kwanza.

Zaidi ya miaka mia moja kabla ya hukumu ile, Florence Nightingale, aliyewauguza askari kule Scutari katika vita vya Krimea, aliandika kitabu juu ya uuguzi. Kilitoka London mwaka 1859. Humo aliwafundisha wenye kuuguza kwamba kazi wanayoifanya wakiwapo, wapange ifanyike hata wasipokuwapo. Alikuwa akisema habari za chumba cha mgonjwa, lakini tazameni jinsi neno hilo linavyofika mbali. Mgonjwa akiisha kwenda nyumbani, mwuguzi hayupo tena. Sasa anayeuguza ni mke, au mama, au mtoto wa darasa la nne.

Shangazi yangu aliruhusiwa kutoka hospitali moja akiwa na bahasha ya vidonge vya shinikizo la damu. Juu yake paliandikwa 1 × 3, wala hakuna aliyemsomea. Shangazi alijua hesabu kidogo, akaona moja mara tatu ni tatu. Akameza vitatu kwa mara moja usiku. Asubuhi alipoinuka kwenda kisimani, akaanguka. Alipona, alhamdulillahi, lakini hakukosea hesabu hata kidogo! Aliyeandika ndiye hakuona kwamba anamwandikia mtu. Laiti angemwuliza tu, “Bibi, hebu niambie, ukifika nyumbani utavimeza namna gani?” kosa lingejulikana pale pale.

Sasa fungueni madaftari yenu. Mwalimu ataandika ubaoni 1 × 3. Kila mmoja aandike kwa maneno, bila tarakimu, mgonjwa ameze vidonge vingapi asubuhi, mchana na jioni. Mkiisha kuandika, badilishaneni madaftari, kila mtu asome kwa sauti alichoandika mwenzake.