Uzi, Ukili na Majina Yasiyoandikwa

Kitabu cha Kutoka kinasimulia jinsi Hema la kukutania lilivyotengenezwa jangwani. Mafundi wawili wanatajwa kwa majina na kwa kabila: Bezaleli wa Yuda na Oholiabu wa Dani. Halafu, katika sura ya 35, aya ya 25 na ya 26, tunasoma habari za wanawake wenye ujuzi waliosokota nyuzi za rangi, kitani na manyoya ya mbuzi. Bila nyuzi zao Hema lisingekuwa na pazia wala paa. Hata hivyo hatuambiwi jina la mmoja wao.

Hali hiyo tunaikuta pia katika historia ya pwani yetu. Karibu na Mbegani yapo magofu ya Kaole, pamoja na msikiti wa mawe unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13. Wageni hutazama kuta na makaburi, na ni wachache wanaouliza watu wale walivaa nini. Sehemu ya nguo za pwani ilitoka India kwa majahazi ya pepo za kaskazi. Lakini sehemu nyingine ilifumwa hapa hapa. Huko Kilwa Kisiwani wachimbaji wa mambo ya kale walifukua vigurudumu vidogo vilivyochongwa kwa vigae vya vyungu, vyenye tundu katikati. Vilichomekwa kwenye kijiti ili kizunguke vizuri wakati wa kusokota pamba. Wareno walipoivamia Kilwa mwaka 1505, waliandika kwamba pamba nzuri ilistawi kisiwani. Mreno mwingine, Duarte Barbosa, alieleza kwamba wafumaji wa Sofala, katika Msumbiji ya leo, walifuma nguo nyeupe kwa pamba yao. Kwa kuwa hawakuwa na rangi, walinunua nguo za buluu kutoka Cambay, India, wakazifumua uzi baada ya uzi, kisha wakazifuma upya pamoja na nyuzi zao nyeupe. Huo ulikuwa ufundi wa watu wenye akili na subira.

Ufundi huo ulikwendaje? Katika karne ya 19 ilikuja nguo ya bei nafuu. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Unguja kitambaa kigumu cha pamba ambacho watu wetu walikiita merikani, kwa jina la nchi kilikotoka. Marekani ilifungua ubalozi mdogo Unguja mwaka 1837. Kutoka Bagamoyo misafara ilipanda bara na marobota ya merikani, na kaniki na shanga, ikarudi na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Nguo ilikuwa ndiyo fedha ya safari. Mikono minne ilikuwa shuka, na shuka mbili zilikuwa doti. Mama anayeomba doti ya kanga dukani leo anatumia kipimo cha misafara ile.

Hapa yafaa tutulie kidogo. Pamba iliyofumwa merikani ililimwa na kuchumwa na watumwa Waafrika katika majimbo ya kusini ya Marekani. Nguo hiyo ikavuka bahari, na huku kwetu ikatumika katika biashara ambayo nayo iliwafanya Waafrika wengine kuwa watumwa. Uzi mmoja uliwafunga watu wa pande mbili za bahari wasiojuana.

Wafumaji wa bonde la Rufiji waliendelea kufuma pamba yao katika karne hiyo, lakini nguo za ng'ambo ziliwabana. Kisha ukaja utawala wa Wajerumani. Mwaka 1902 serikali ilianzisha mashamba ya pamba ya lazima katika wilaya za kusini ya Dar es Salaam, Rufiji ikiwemo. Watu ambao nchi yao ilikuwa na wafumaji wakalazimishwa kulima pamba ya kupelekwa ng'ambo ikiwa ghafi. Mwezi Julai 1905, huko Umatumbi, watu waling'oa mashina ya pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza.

Nguo pia ilionyesha nani ni mtu huru na nani si huru. Mwanamke mtumwa wa pwani alivaa merikani au kaniki, bila shela. Kanga zenye rangi na nakshi zilipoenea mwishoni mwa karne ya 19, na utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, wanawake walioachwa huru walizinunua kwa shauku. Wapo waliowaona kuwa ni wapenda mapambo. Mimi naona ni watu waliosema kwa nguo jambo ambalo hawakuruhusiwa kulisema kwa kinywa: na sisi ni binadamu.

Kitanda cha mfumaji kimetoweka pwani hii, lakini ususi haujatoweka. Akina mama wa vijiji vya Bagamoyo, Waislamu na Wakristo, bado wanasuka ukili kwa ukindu. Majani hukatwa, huanikwa, hupasuliwa, mengine huchemshwa katika rangi. Ukili husukwa huku watu wakizungumza na huku mtoto akibembelezwa, kisha hushonwa kuwa mkeka. Hebu tupige hesabu. Ukili wenye upana wa sentimita 5 ukitumika kwa mkeka wa mita 2 kwa mita 1, zinahitajika mita 40 za ukili, zote kwa vidole. Juu ya mkeka huo mtoto hulazwa, wageni hukaribishwa, wafiwa huketi. Jirani zetu Waislamu huswali juu yake.

Wayunani wa kale nao waliona uzito wa kazi hii. Walisimulia kwamba maisha ya kila mtu ni uzi mikononi mwa dada watatu: mmoja anausokota, wa pili anaupima, wa tatu anaukata, wala hakuna wa kuwasihi. Mfalme Hezekia katika Isaya 38:12 anatumia mfano unaokaribiana na huo, maisha yake yakiwa kama nguo inayokatwa kitandani pa mfumaji. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na wa kumsihi. Alilia, akasikiwa, akaongezewa miaka 15. Imani yetu inasema kwamba uzi wa maisha yetu umo mikononi mwa Baba, naye anamjua kwa jina kila aliyeusokota uzi wa Hema.

Kama Mungu anawajua, sisi tumejitahidi kiasi gani kuwajua? Matendo ya Mitume sura ya 9 inatupa mfano. Dorkasi alipokufa kule Yafa, wajane hawakumweleza Petro kwa maneno matupu. Walimwonyesha kanzu na mavazi aliyowashonea, na jina lake likaandikwa. Luther naye alifundisha kwamba kazi ya mama nyumbani, ikifanywa kwa imani, si duni kuliko maombi ya mtawa.

Katika sharika zetu, baada ya ibada, sadaka za mazao na vitu hupigwa mnada. Mkeka ukiletwa, aghalabu tunatazama ukubwa wake, tunataniana, tunataja bei ya chini, nao unaondoka. Tunasahau zile mita 40. Napendekeza mambo mawili. Kwanza, mnadi ataje aliyeusuka na siku alizotumia, kama mwenyewe yu radhi, kabla ya kutaja bei. Pili, sharika zinapoandaa vitabu vya jubilei, pamoja na orodha ya wachungaji na wajumbe wa baraza, iwepo orodha ya akina mama waliosuka mikeka ya kanisa, walioshona vitambaa vya altare na majoho ya kwaya. Wengi wao bado wako hai na tunaweza kuwauliza. Wale wa jangwani na wale wa Kilwa hatuwezi tena kuwauliza.