Lifti Nyuma ya Rubani

Frank Abagnale, yule tapeli wa kitabu cha Catch Me If You Can cha mwaka 1980, alidai kwamba alisafiri zaidi ya maili milioni moja bure kwa kuvaa sare ya Pan Am na kuomba lifti kwenye ndege za mashirika mengine. Baadaye mwandishi Alan C. Logan alipekua kumbukumbu, akaonyesha kwamba kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo jamaa alikuwa gerezani New York. Kinachonivutia ni kwamba uongo ule uliaminika kirahisi, maana lifti yenyewe ipo kweli.

Nyuma ya viti vya marubani huwa kuna kiti kidogo cha ziada. Wakaguzi hukitumia, lakini kwa miongo mingi marubani wa Marekani nao wamekitumia kwenda kazini na kurudi nyumbani, kwa kuwa wengi hawaishi kwenye mji wanakoanzia safari zao. Mashirika yanagombania abiria, ila huandikiana makubaliano: wenu wapande kwetu, wetu wapande kwenu. Ni kama konda anayepanda daladala ya mwenzake bila kudaiwa nauli.

Makubaliano hayo hayatoshi. Mgeni huonyesha leseni na kitambulisho, na hata kama mhudumu wa getini ameshamkubalia, bado huenda mwenyewe kumwomba rubani mkuu. Kujikalia tu ni utovu wa adabu. Ndege ikiwa chini ya futi 10,000 hupigi soga, isipokuwa umeona hatari ambayo wenyeji hawajaiona. Na rubani mkuu anaweza kukataa.

Kukataa huko kuliwahi kuwa silaha. Mwaka 1983 marubani wa Continental waligoma, na baadhi yao wakawaacha wenzao kwenye mataa wakaendelea kurusha ndege. Mgomo uliisha baada ya miaka miwili. Kinyongo hakikuisha. Majina yaliorodheshwa, na kwa miaka mingi mwenye jina pale aliweza kuachwa getini huku kiti kikiondoka kitupu.

Lakini orodha hukumbuka ya jana tu. Tarehe 7 Aprili 1994, Auburn Calloway, mhandisi wa ndege wa FedEx, aliomba lifti kwenye DC-10 ya kampuni yake mwenyewe iliyokuwa ikitoka Memphis kwenda San Jose. Alikuwa mwenzao kabisa, na kitambulisho chake kilikuwa halali. Alikuwa anakabiliwa na kikao cha nidhamu kwa kudanganya kuhusu saa alizorusha ndege. Ndani ya mkoba wa gitaa alikuwa na nyundo na bunduki ya kuvulia samaki. Yaani, alitaka kuwaua kwa majeraha yatakayofanana na ya ajali, aiangushe ndege, familia yake ilipwe bima. Aliwapasua vichwa David Sanders, Jim Tucker na Andy Peterson. Tucker, akiwa na ufa kwenye fuvu, aliibiringisha ndege karibu kuipindua ili mshambuliaji akose pa kusimama, huku wenzake wawili wakipambana naye. Sanders ndiye aliyeirudisha Memphis. Wote watatu walipona, lakini hakuna aliyerudi kurusha ndege za kibiashara. Calloway alifungwa maisha.

Baada ya Septemba 11, 2001, marubani wa mashirika mengine walifungiwa mlango hadi ulipopatikana mfumo wa kompyuta wa kuthibitisha kwamba mtu bado ni mwajiriwa. Sawa, lakini Calloway naye alikuwa mwajiriwa. Oktoba 2023, rubani wa Alaska Airlines aliyekuwa mapumzikoni, aliyepewa lifti na Horizon Air, alishika vishikizo vya kuzimia moto wa injini ndege ikiwa angani. Karatasi zake hazikuwa na kasoro.

Kwa nini basi kiti hakijafutwa? Tarehe 28 Oktoba 2018, Boeing 737 MAX ya Lion Air ilitoka Bali kwenda Jakarta huku pua ikisukumwa chini tena na tena. Nyuma ya marubani alikuwepo mwenzao aliyekuwa akisafiri tu. Habari zilizotoka mwaka uliofuata zilisema ndiye aliyewaelekeza wakate umeme wa mota iliyokuwa ikiiinamisha ndege. Wakafika salama. Asubuhi yake ndege ile ile iliruka na marubani wawili tu, ikaanguka baharini na watu wote 189.