Soko la Wajir na Kiti cha DC

Kwa miaka mingi, mtu wa Garissa akipanda basi la Nairobi alisema anakwenda Kenya. Wageni walicheka wakidhani ni utani, lakini haukuwa utani. Ukoloni uliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini mwaka 1926, na sheria ya wilaya maalum ya 1934 ikakaza kamba zaidi: kuingia kwa kibali, kutoka kwa kibali. Uhuru ulipokuja, kamba haikukatwa. Desemba 28, 1963, wiki mbili tu baada ya bendera kupandishwa, serikali mpya ilitangaza hali ya hatari Kaskazini Mashariki. Vita vya Shifta vilikwisha 1967, ila sheria za hatari zilibaki hadi Novemba 1991. Hesabu mwenyewe, ni karibu miaka 28. Mtoto aliyezaliwa Garissa siku ya tangazo lile alikuwa mtu mzima mwenye watoto kabla hajaishi chini ya sheria moja na mtu wa Nyeri.

Naanza huko kwa sababu kuna dhana, hasa Nairobi, kwamba ushirikishwaji wa umma ulizaliwa na Katiba ya 2010, na kwamba watu wa kaskazini walifundishwa jambo hilo kwenye semina za hotelini. Mimi sikubaliani. Mfano mmoja ambao nchi nzima iliuiga baadaye ulitoka Wajir, tena sokoni, na walioutoa ni wanawake ambao hakuna aliyewaita mkutanoni.

Mwanzo wa miaka ya 1990 Wajir ilikuwa imebanwa pande zote. Ukame ulikuwa umemaliza mifugo. Serikali ya Siad Barre ilianguka Januari 1991, wakimbizi na bunduki vikavuka mpaka. Kisha ukaja uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992, na kiti cha bunge kikageuka kisima: ukoo ukikipata, mwingine unahisi umenyimwa maji. Wadegodia, Waajuran na Waogaden wakaingia katika mapigano yaliyoua mamia ya watu. Serikali ilikuwepo, bila shaka. DC alikuwepo, polisi walikuwepo. Lakini hebu fikiria, nani angekimbilia kituo cha polisi katika mji ambao Februari 1984 wanaume walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla na wengi hawakurudi? Au Garissa, ambako watu wazima wanakumbuka Novemba 1980, Bulla Kartasi ilipochomwa na wakazi kuwekwa siku kadhaa kwenye uwanja wa shule? Huko, neno "serikali" lilikuwa na harufu ya moshi.

Dekha Ibrahim Abdi, mzaliwa wa Wajir wa mwaka 1964, alikuwa na simulizi moja aliyoirudia mara nyingi. Usiku mmoja wa risasi alijificha na mtoto wake mchanga chini ya kitanda. Kulipokucha, mama yake alimwambia kwamba wakati wa Shifta yeye naye alimficha Dekha vivyo hivyo, chini ya kitanda. Je, huyu mtoto naye atakuja kumficha wa kwake? Binafsi naona swali la yule mama lilifanya kazi kuliko ripoti nyingi.

Wanawake wachache wa koo tofauti wakaanza kukutana. Hawakuanza na bunge wala na wazee, walianza na soko. Soko la Wajir lilikuwa limepasuka: mwanamke wa ukoo huu haruhusiwi kumuuzia yule, maziwa ya fulani hayanunuliwi, na ugomvi wa mafungu ya mboga ulikuwa unaweza kuwasha mji jioni hiyo hiyo. Basi wakakubaliana soko liwe la wote, wakachagua wanawake wa kulikagua kila siku, na kila tukio likatafutiwa suluhu kabla jua halijazama. Kumbuka hapakuwa na ofisi wala mfadhili. Ukiniuliza, huo ndio utawala shirikishi wenyewe: watu wanaweka kanuni, wanachagua wa kuisimamia, na aliyedhulumiwa anajua pa kwenda.

Soko lilipotulia wakawafuata wazee. Hapo palihitaji akili. Wazee wa koo kubwa hawangekubali kuitwa na mwenzao wa ukoo hasimu, na wanawake hawangeweza kuongoza kikao cha wazee, mila haikuruhusu. Wakapita kwa wazee wa koo ndogo ambao hawakuwa upande wowote wa vita. Matokeo yake ni Azimio la Al-Fatah la Septemba 1993, ambamo wazee walikubaliana jinsi ya kurudisha mifugo iliyoibiwa na kulipa diya ya waliouawa. Vijana wakaunda kundi lao, wafanyabiashara wakachanga, na timu za dharura zikawa zinakimbilia kila mahali palipotokea wizi au mauaji kabla kisasi hakijaanza.

Kisha ikaja hatua ambayo bado inabishaniwa. Mwaka 1995 makundi haya yote yaliunganishwa kuwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, ikawekwa ndani ya Kamati ya Maendeleo ya Wilaya, na mwenyekiti wa kamati hiyo ni DC. Yaani watu ambao miaka mitatu nyuma hawakuamini ofisi ya DC walikubali kuketi chini ya kiti chake. Wapo waliosema ni kujisalimisha. Mimi naona walijua wanachokifanya. Bila DC hakuna gari la kwenda eneo la tukio, hakuna redio ya mawasiliano, na askari wanaweza kuharibu kwa saa moja walichojenga kwa mwaka. Lakini gharama ilikuwepo pia. Kundi likishaingia kwenye muundo wa serikali, huanza kuongea lugha ya serikali. Kumbukumbu zinaandikwa kwa Kiingereza, na anayesoma Kiingereza ndiye anayekuwa katibu.

Hata hivyo mfano ulisambaa. Mwaka 2001 wazee na maafisa walikutana Modogashe, pale Garissa, Wajir na Isiolo zinapokaribiana, wakatoa Azimio la Modogashe kuhusu malisho, silaha, wizi wa mifugo na fidia. Baada ya umwagaji damu wa 2007 na 2008, serikali ikaamua kamati za amani ziundwe nchi nzima, hata Bonde la Ufa. Kaskazini ilikuwa imeifundisha Kenya kitu.

Tuliangalie hilo azimio la Modogashe lakini, maana watu hulisifu bila kulisoma. Fidia ya mwanamume aliyeuawa iliwekwa ngamia 100. Ya mwanamke, 50. Wanawake ndio walioanzisha kazi hii pale sokoni. Miaka minane baadaye kazi ilipofika mezani na kugongwa mhuri, roho yao ilihesabiwa nusu. Na kwa yule anayesema "ndiyo mila," sawa, lakini mila ile ile ilisema wanawake hawana la kusema juu ya vita, na wakasema.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipofungua vikao vyake vya hadhara, ilianzia Garissa, Aprili 2011. Watu walisimama na kueleza ya 1980 na 1984 mbele ya kipaza sauti, katika mji ambao zamani ulihitaji kibali hata kukusanyika. Kando ya vikao hivyo tume iliandaa vikao vya wanawake peke yao, kwa sababu ilionekana mbele ya wanaume hawangeyataja yaliyowapata wao wenyewe. Ripoti ilitoka Mei 2013. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni na kuahidi mfuko wa Sh10 bilioni. Waathiriwa wengi wameendelea kuusubiri.

Wiki moja baadaye, Aprili 2, 2015, magaidi waliua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Serikali ilijibu, pamoja na mengine, kwa kufunga kampuni za hawala na kuzuia akaunti za mashirika mawili ya haki za binadamu ya Mombasa, MUHURI na Haki Africa, hadi Mahakama Kuu ilipoyasafisha baadaye mwaka huo. Hayo ni ya Pwani, lakini ujumbe ulifika Garissa vizuri tu. Anayewauliza askari walikompeleka kijana wa fulani alijua sasa anaweza kuitwa nani.

Siku hizi Garissa ina kaunti yake, wadi 30, na eneo la zaidi ya kilomita za mraba 44,000. Katiba, kifungu cha 196, inalitaka bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi. Basi tangazo linatolewa gazetini, ukumbi unakodiwa mjini, na kitabu cha bajeti kinaletwa kikiwa kinene, kwa Kiingereza. Mfugaji aliyehama na ngamia wake hana habari. Aliyefika anatia sahihi, anapewa soda na nauli, na ile karatasi ya sahihi ndiyo inayopelekwa kama ushahidi kwamba umma ulishirikishwa.

Lakini mambo mazito hayaamuliwi ukumbini. Kabla ya kila uchaguzi wazee wa koo hukaa na kugawana viti, ugavana huku, useneta kule. Wanauita mfumo wa makubaliano, na siwezi kuudharau, kwa sababu ulizaliwa na hofu ya kurudi 1992 na mahali pengine umezuia damu. Shida ni nani anayekaa hapo. Ukoo mdogo hupewa kinachobaki. Mwanamke huelekezwa kwenye kiti cha mwakilishi wa wanawake, eti kile ndicho chake. Sophia Abdi Noor, aliyeanzisha shirika la Womankind Kenya mjini Garissa, alikataa mpangilio huo na kugombea ubunge wa Ijara. Alishinda mwaka 2017, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge wa eneo bunge katika Kaskazini Mashariki nzima, miaka 54 baada ya uhuru. Uchaguzi wa 2022 ulipofika, kiti kilirudi kwa mwanamume.