Duma: vijana wawili wa Nairobi na muziki wao wa giza

Duma kwetu Pwani ni mnyama, yule anayewashinda wote kwa mbio. Kwa Wakikuyu nduma ni giza, na maana hiyo ndiyo iliyokusudiwa na vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, walipojiita Duma. Muziki wao umefika Ulaya kabla ya kufika Mombasa, na pengine nisingeujua lau si dadangu.

Mwanawe amepanga chumba Ruiru na hufanya kazi ya zamu kiwandani Thika. Alipokuja nyumbani mapumziko, mamake alisikia kwenye simu yake mtu akipiga mayowe juu ya mshindo kama wa mabati yanayoanguka. "Kaka, mtoto kaingia kwa mashetani huko bara," akanambia. Nilikuwa na safari ya Nairobi, nikapitiliza hadi Ruiru nikamwone.

Nianze na wenyewe. Khanja na Karugu walitoka katika bendi za roki nzito za Nairobi, Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Watu wa taarabu na bango hawana habari nazo, lakini Nairobi ina wafuasi wa muziki huo kwa miaka mingi, na kumbi zao ndogo hujaa. Wawili hawa wakaondoa mpiga ngoma na kuweka kompyuta. Karugu hupiga gita na kutengeneza midundo, Khanja ndiye sauti. Midundo yenyewe huenda kasi ambayo mikono ya binadamu haiwezi, gita limesagwa hadi likawa mvumo, na sauti hailingani na kuimba tunakokujua sisi. Ni ukelele unaotoka tumboni. Wajuao huita mchanganyiko huu ndoa ya metali na muziki wa elektroniki.

Albamu yao, iliyoitwa Duma vilevile, waliirekodi Kampala mwaka 2019 na ikatoka Agosti 2020, kupitia Nyege Nyege Tapes. Naam, jina ndilo hilo. Waganda wana neno lao lenye maana ya hamu ya ghafla ya kucheza ngoma, ila Mswahili akilitamka hutazama pembeni kwanza kama mama mkwe yupo. Watu hao hao wana tamasha lililoanza Jinja mwaka 2015, na mwaka 2022 bunge la Uganda lilitaka lizuiwe kwa sababu ya maadili. Serikali ikaliruhusu kwa masharti.

Siku ya pili tulipanda matatu mimi na mpwangu, Ruiru kwenda Thika, kwenye ile barabara kuu iliyofunguliwa 2012. Akanipa spika zake za masikioni. Nilivumilia nyimbo mbili. Nikamuuliza anapata nini humu. Akacheka, akasema, "Mjomba, huu ndio mlio wa kazini kwangu. Tofauti ni kuwa huu naweza kuuzima."

Jibu hilo lilinikaa. Thika ni mji wa viwanda, vya nguo, vya mafuta ya kupikia, vya kuunganisha magari, na tangu zamani watu waliupachika jina la Birmingham ya Kenya. Sasa tazama: muziki wa metali ulizaliwa Birmingham yenyewe, mwishoni mwa miaka ya 1960, na bendi ya Black Sabbath. Mpiga gita wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine alipokuwa kibarua wa kiwanda cha mabati, akajitengenezea vifuniko vya kuvaa vidoleni, akalegeza nyuzi za gita ili zisimuumize. Ule mlio mzito ulitokana kwa sehemu na jeraha hilo. Hata Rotterdam, mji wa bandari kule Uholanzi, vijana wa miaka ya 1990 walikuwa na muziki wao wa ngoma za kompyuta za kasi namna hii.

Kuhusu shetani, dadangu hakuzua. Wimbo mmoja wa Duma unaitwa "Pembe 666", na wanaocheza na majina kama hayo wasilalamike wakishukiwa. Tena Kenya ina historia: mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani, chini ya Askofu Nicodemus Kirima, na ripoti yake ikafika bungeni 1999. Lakini sisi Waswahili tunyamaze kidogo. Ni nani kati yetu hajasikia usiku ngoma ya kupunga pepo, mwanamke akipiga ukelele hadi sauti ikamkauka, na asubuhi yuko jikoni anakuna nazi? Masheikh wamekataza tangu hapo, na mimi niko upande wao. Hata hivyo hakuna aliyesema ni mambo ya bara.

Khanja sasa hupiga peke yake kwa jina la Lord Spikeheart. Mwaka 2024 alitoa albamu The Adept, akimuenzi Muthoni wa Kirima, bibi wa ukoo wake, mwanamke aliyefika cheo cha Field Marshal katika Mau Mau na kufariki 2023. Mama huyo alifuga nywele zake za msituni hadi 2022. Nilipolijua hilo, mayowe yale niliyasikia vingine, ingawa sijayapenda.

Ijumaa tulisali pamoja mimi na kijana. Nilimpigia dadangu nikamweleza yote haya, ya Birmingham na ya tume. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama mtoto hula vizuri, na masikio yake yatakuwaje akifika umri wangu. La kwanza nilimjibu. La pili nilimpa kijana simu amjibu mwenyewe.